Waraka Unapogeuka Dondoo: Kinachotokea Kabla Wakala wa Akili Mnemba Hajajibu

Mwaka jana katibu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa aliniomba nimsaidie kupanga nyaraka za chama chao, ili programu ya akili mnemba waliyokuwa wameanza kuitumia iweze kujibu maswali ya wanachama. Zilikuwa nyaraka za kawaida kabisa: masharti ya chama, sera ya mikopo, mihtasari ya vikao vya miaka kadhaa na majedwali ya marejesho. Tuliziingiza zote jioni moja, na kesho yake asubuhi likaulizwa swali la kwanza: kiwango cha juu cha mkopo wa dharura ni shilingi ngapi? Jibu lilikuja kwa ufasaha na bila kusita, kwamba mwanachama anaweza kukopa hadi shilingi 500,000. Katibu alitikisa kichwa, akafungua sera yenyewe ukurasa wa 7. Kiasi kilikuwa hichohicho, lakini mbele yake palikuwa na kinyota kidogo, na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, tanbihi ilisema kwamba kiwango hicho ni cha mwanachama aliyetimiza miezi 6 ya uanachama, na kwamba aliye chini ya hapo anaishia shilingi 150,000.

Modeli ya lugha iliyo ndani ya programu hiyo ilifikiri vizuri kwa kadiri ya ilichopewa. Tanbihi haikuifikia kabisa, kwa sababu ilikatwa hatua kadhaa nyuma, pale programu ya kuingiza nyaraka ilipoyachukulia maandishi yote ya chini ya ukurasa kuwa sawa na namba za kurasa na anwani ya chama, ikayafuta. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hatua hii ya uingizaji, ambayo wengi huipita mbio ili wafike kwenye mazungumzo na modeli, ndiyo inayostahili kuelezwa kwa utaratibu kuliko nyingine zote, maana kilichopotea hapo hakirudi, hata modeli iwe hodari kiasi gani.

Neno wakala hapa lina maana ileile tuliyoizoea mitaani kwa wakala wa pesa au wa bima: ni anayetenda kwa niaba ya mwingine. Wakala wa akili mnemba ni programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kusoma ombi, kuamua hatua za kuchukua na kuzichukua kwa zana ilizopewa, kama vile kutafuta ndani ya mafaili, kuandika barua au kujaza jedwali, kisha ikatazama matokeo na kuamua hatua inayofuata. Modeli yenyewe haina kumbukumbu ya nyaraka zako. Inachokijua ni kile ilichofunzwa pamoja na kile kilichowekwa mbele yake kwa wakati huo, katika nafasi iitwayo dirisha la muktadha, ambayo hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno.

Madirisha hayo yamekuwa makubwa, na ya baadhi ya modeli hufikia tokeni milioni 1, kwa hiyo ni halali mtu kuuliza kwa nini asimwage nyaraka zake zote humo na kumaliza kazi. Sababu ya kwanza ni gharama. Kila tokeni hulipiwa, na sisi tunaoandika Kiswahili hulipa zaidi, kwa kuwa mifumo ya kukata maneno ilijengwa juu ya maandishi ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Neno kama “hatukuwalipisha” hukatwakatwa vipande kadhaa, ilhali neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi hubaki kipande kimoja. Sababu ya pili ni usikivu. Mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walionyesha kwamba modeli walizozipima zilijibu vizuri zaidi pale habari iliyohitajika ilipokuwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na zililegea ilipokuwa katikati. Ndiyo maana utaratibu ulioelezwa mwaka 2020 na Patrick Lewis na wenzake, wa kutafuta kwanza vipande vinavyohusika na swali na kuvikabidhi kwa modeli hivyo tu, umeenea kiasi cha kuwa msingi wa zana nyingi za leo.

Vipande hivyo, vikiandaliwa kwa uangalifu, ndivyo ninavyoviita dondoo. Dondoo njema hubeba jambo moja linaloeleweka peke yake, pamoja na maelezo ya kilikotoka. Zana nyingi huziandika katika mfumo wa Markdown, ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004 na ambao ni maandishi matupu yenye alama chache za vichwa na orodha. Nauthamini mfumo huu kwa sababu moja kubwa: katibu asiyejua lolote kuhusu programu anaweza kulifungua faili, akaisoma dondoo, akaona kosa na kulisahihisha kwa mkono wake. Kumbukumbu ambayo mwenye nyaraka hawezi kuifungua na kuikagua ni kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kazi ngumu huanza kwenye kuusoma waraka wenyewe. PDF, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 na ambayo ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa. Ndani yake mara nyingi hamna aya wala jedwali; mna maagizo ya kuweka umbo fulani la herufi mahali fulani pa ukurasa, na ni jicho letu linaloziunganisha herufi hizo kuwa mstari, mistari kuwa aya, na nafasi tupu kuwa mipaka ya safu. Programu isiyolitambua hilo husoma ukurasa wenye safu mbili kwa kuvuka moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, ikachanganya nusu sentensi ya safu ya kwanza na nusu sentensi ya safu ya pili. Jedwali la marejesho nalo huporomoka na kuwa mfululizo wa namba ambao hakuna anayeweza tena kusema ipi ni ya nani.

Kuna hitilafu moja ya PDF ambayo katika Kiswahili ina madhara ya pekee, na sijaona ikizungumzwa inavyostahili. Fonti nyingi huziunganisha herufi f na i kuwa umbo moja ili zipendeze machoni. Faili likikosa maelezo sahihi ya kulihusisha umbo hilo na herufi zake, programu inayosoma haijui imekutana na nini, na baadhi ya programu huliacha tu lidondoke. Hapo “kufika” hubaki “kuka”, na kosa la namna hiyo ni rahisi kuligundua. Lakini “afisa” hubaki “asa”, ambacho ni kitenzi cha kuonya. Neno “fisi” hubaki “si”. Na “fidia” hubaki “dia”, ambayo ni malipo ya damu. Programu ya kusahihisha tahajia haishtuki, kwa sababu maneno yote hayo ni halali. Hebu mtu afikirie sera ya bima ambamo kila palipoandikwa fidia sasa pameandikwa dia, na wakala anayeulizwa na mjane kuhusu haki yake.

Dogo zaidi, lakini la kila siku, ni suala la king'ong'o, yaani ile alama inayofuata ng katika maneno kama ng'ombe. Mtu anayeandika kwa simu mara nyingi huweka alama iliyonyooka, ilhali programu ya kuandikia hati hubadilisha alama hiyo kuwa iliyopinda, na wakati mwingine huipindisha upande usio wake. Kwa macho yetu ng'ombe ni ng'ombe. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, na anayetafuta mkopo wa ng'ombe kwa alama moja hatapata dondoo yoyote iliyoandikwa kwa alama nyingine. Zana nzuri huzifanya alama hizo kuwa moja katika faharasa ya kutafutia, na huyaacha maneno ya asili kama yalivyo.

Faili la Word la aina ya docx lina umbo tofauti kabisa. Ni mkoba uliofungwa kwa mbano wa zip, na ndani yake mna mafaili kadhaa: moja la matini kuu, jingine la tanbihi, jingine la maoni ya pembeni. Programu ya haraka huchukua lile la matini kuu na kuondoka. Isitoshe, kama hati ilihaririwa kwa utaratibu wa kufuatilia masahihisho, maneno yaliyofutwa huendelea kukaa ndani ya faili hadi mhariri atakapoyakubali masahihisho hayo, na programu isiyotofautisha kilichofutwa na kilichobaki inaweza kumkabidhi wakala kifungu ambacho kikao kilikwisha kukikataa. Majedwali ya Excel nayo huhifadhi tarehe kama namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900, hivyo 12 Machi 2024 ndani ya faili ni 45363. Zana isiyoitafsiri namba hiyo humpa wakala deni linaloiva siku ya 45363, naye huenda akaisoma kuwa shilingi.

Baki la nyaraka, na katika ofisi zetu huenda ndilo kubwa zaidi, ni karatasi zilizopigwa picha. Hapa inahitajika programu ya kutambua herufi kwenye picha, na iliyo maarufu kati ya zile huria ni Tesseract, iliyoanzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na ambayo ina data ya Kiswahili. Maadui zake ni muhuri uliogongwa juu ya namba, karatasi iliyokunjwa, na wino uliofifia. Siku hizi watu wengi huiruka na kuipa picha moja kwa moja modeli inayoweza kutazama. Matokeo mara nyingi ni mazuri kwa kushangaza, ila aina ya makosa hubadilika. Programu ya zamani ikishindwa huandika takataka ambazo kila mtu anaziona ni takataka. Modeli ikishindwa huandika neno la kawaida, lililokaa vizuri katika sentensi, ambalo halikuwa kwenye karatasi. Mimi naiogopa zaidi hali hii ya pili. Kwa sababu hiyo napenda zana inayohifadhi picha ya ukurasa kando ya dondoo na kuweka alama mahali ambapo haikuwa na hakika, ili binadamu aende kutazama.

Zana zipo nyingi, na sina haja ya kuzipitia moja moja. Pandoc ya John MacFarlane imekuwa ikibadilisha hati kutoka mfumo mmoja hadi mwingine tangu mwaka 2006. MarkItDown ya Microsoft na Docling iliyotoka katika maabara za utafiti za IBM zilitolewa kama programu huria mwaka 2024, nazo hulenga hasa kuandaa hati kwa ajili ya modeli za lugha. Zote huufikisha waraka kwenye maandishi safi. Kinachofuata, yaani kuyagawa maandishi hayo kuwa dondoo, ndicho kinachotenganisha zana ya kutegemewa na ya kubahatisha.

Njia nyepesi ya kugawa ni kukata kila baada ya idadi fulani ya tokeni. Njia hiyo hukata kifungu katikati, ikaacha sharti upande mmoja na ruhusa upande mwingine. Na hata inapokata mwisho wa sentensi, Kiswahili kina mtego wake. Sentensi “Yalirekebishwa mwezi Machi na yataanza kutumika mwaka ujao” ni kamili kwa sarufi, lakini ikisimama peke yake hakuna ajuaye kama ni masharti, malipo, maombi au mapendekezo, kwa kuwa nomino yenyewe ilitajwa aya tatu nyuma na kilichobaki ni kiambishi tu. Mwandishi wa muhtasari hakukosea, kwani msomaji wake alikuwa na ukurasa mzima mbele yake. Ni dondoo iliyong'olewa kutoka ukurasa huo inayopaswa kurudishiwa jina la kinachozungumzwa. Septemba 2024 kampuni ya Anthropic ilieleza mbinu ya namna hiyo, ambapo modeli husoma waraka wote na kukiandikia kila kipande maelezo mafupi ya mahali kilipo na kinachohusu, kabla ya kipande hicho kuwekwa kwenye faharasa.

Dondoo tuliyoiandika upya kwa ajili ya ukurasa wa 7 ilikuwa hivi: “Sera ya Mikopo, toleo la Machi 2023, ukurasa wa 7, kifungu cha 4.2 pamoja na tanbihi yake. Kiwango cha juu cha mkopo wa dharura ni shilingi 500,000 kwa mwanachama aliyetimiza miezi 6 ya uanachama, na shilingi 150,000 kwa ambaye hajaitimiza. Hali: inatumika.” Chini yake yalifuata maneno ya asili, herufi kwa herufi, yakiwa yamewekwa wazi kuwa ni nukuu. Utengano huo wa maelezo na nukuu ni wa lazima. Bila huo, muhtasari uliotungwa na modeli huchukua nafasi ya kifungu chenyewe, na baada ya miezi michache hakuna akumbukaye ni maneno ya nani.

Nukuu hutulinda pia pale ambapo maana hubadilika kimyakimya. Barua ya mwaliko inasema kikao kitaanza saa mbili asubuhi. Sisi tunajua hiyo ni saa 2 ya Kiswahili, ambayo kwenye kalenda ya kompyuta huandikwa 8:00. Programu iliyozoea Kiingereza inaweza kuandika 2:00 kwenye dondoo na kuwaita wajumbe usiku wa manane. Maneno “saa mbili asubuhi” yakibaki palepale karibu na tarakimu, kosa hilo linaonekana na kurekebishika.

Dondoo zikishaandikwa, wakala huzitafuta kwa njia mbili. Ya kwanza hulinganisha maneno, na ya pili hulinganisha maana kwa kugeuza kila dondoo kuwa vekta, yaani safu ndefu ya namba, ambapo maandishi yenye maana inayokaribiana hupata namba zinazokaribiana. Njia ya kwanza huteseka na unyambuaji wetu: anayetafuta “malipo” hatapata “hawajalipa”, “walilipwa” wala “mlipaji”, ingawa mzizi ni mmoja. Njia ya pili huvuka kikwazo hicho, lakini modeli nyingi za vekta zimesoma Kiswahili kidogo mno, na huweza kuvikaribisha pamoja vitu visivyohusiana. Kwa hiyo ni busara kuzitumia zote mbili pamoja, na kuiongezea kila dondoo mstari wa maneno ya kutafutia yaliyo katika umbo la msingi: mkopo, kopa, dharura, uanachama. Ni kazi ya dakika moja kwa dondoo, na kwetu ilisaidia kuliko marekebisho mengine yoyote ya kiufundi. Njia ya kumfikishia wakala dondoo hizo nayo imerahisika tangu Novemba 2024, ilipotolewa itifaki ya MCP (Model Context Protocol) inayoziwezesha programu tofauti kuunganishwa na hazina moja ya dondoo bila kila moja kutengenezewa daraja lake.

Nyaraka hazikai tuli, na hapa zana nyingi huanguka. Sera ikitolewa upya na kuingizwa tena, chama hujikuta kina dondoo mbili zinazopingana, na wakala huchukua yoyote iliyokaribia maneno ya swali. Zana makini hukokotoa alama ya utambulisho ya kila faili, ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilika, hivyo hujua lipi ni jipya, lipi ni lilelile lililopewa jina jingine, na lipi limehaririwa. Toleo la zamani halifutwi. Huandikiwa kuwa limebatilishwa na lipi, tangu lini. Mwanachama aliyekopa mwaka 2022 ana haki ya kujibiwa kwa sera ya mwaka 2022.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima isemwe waziwazi. Waraka unaotoka nje ya ofisi unaweza kubeba maneno yaliyoandikwa kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe, yasiyoonekana na binadamu, yakimwamuru wakala atume orodha ya wanachama kwa anwani fulani. Hila ya kuipenyezea modeli maagizo kupitia maandishi ilipewa jina mwaka 2022 na Simon Willison, na hadi leo haijapata tiba kamili. Zana ya kuingiza inaweza kuyafichua maandishi yaliyofichwa na kuitia kila dondoo alama kwamba ni habari ya kusomwa, wala si amri ya kutekelezwa. Lakini kinga ya kweli ni kumnyima wakala uwezo asiouhitaji. Anayejibu maswali ya sera hana sababu ya kuweza kutuma barua pepe. Na kwa kuwa majedwali ya marejesho yana majina na madeni ya watu, kuyapeleka kwenye seva za nje ni jambo la kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tesseract na Docling zinaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta ya ofisi pasipo intaneti, na kwa nyaraka za aina hiyo sioni sababu ya kufanya vinginevyo.

Anayetaka kuipima zana kabla ya kuiamini asianze kwa kumhoji wakala. Achague kurasa chache anazozijua kwa moyo: wenye tanbihi, wenye jedwali linalovuka hadi ukurasa wa pili, uliopigwa picha ukiwa na muhuri, wenye maneno kama afisa, fidia na ng'ombe. Aziingize hizo tu, kisha afungue dondoo zenyewe na kuzisoma sambamba na karatasi.

Sisi tulifanya hivyo kwa Jumamosi mbili, katibu akisoma karatasi kwa sauti nami nikifuatisha kwenye skrini. Jumamosi ya pili, kwenye jedwali la marejesho lililovuka ukurasa, tulikuta vichwa vya safu havikurudiwa, na nusu ya wanachama walikuwa na namba tatu zisizo na jina: akiba, mkopo na riba, bila kujulikana ipi ni ipi. Katibu alichukua kalamu, akaanza kuandika vichwa upya kwenye karatasi ya pili ili aipige picha tena, huku akiniuliza kama tuirudie na ile ya mwaka uliotangulia.